Simama Useme Mwenyewe

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Ilikuwa asubuhi, wakati wa mvua, hapa hapa Baraka. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kituo cha afya, mtoto wangu wa kwanza mapajani, nami nikiwapisha watu. Kila aliyekuja nilisogea pembeni nikamwambia, "Pita tu." Mtoto alikuwa anaungua homa, na mama yake alikuwa anagawa zamu yake kama mtu anayegawa karanga.

Utaniuliza, mama gani huyo? Nitakuambia. Lakini acha nirudi nyuma kidogo, maana kidonda hakianzi na usaha.

Nilizaliwa Swima, kando ya ziwa. Baba yangu alikuwa mvuvi, mama alianika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, mchangani na kuwauza. Nilikuwa mtoto wa maneno mengi. Wajomba waliniita redio, na nilipoanza shule nilikuwa wa kwanza kunyoosha kidole, hata pale ambapo jibu sikulijua. Sasa siku moja mwalimu akanisimamisha nisome Kifaransa mbele ya darasa. Wewe umesoma, unajua kwamba katika lugha ile neno la samaki na neno la sumu yanafanana kama mapacha. Ulimi ukiteleza kidogo tu, umekwisha kumlisha mtu kifo. Kitabu kilisema baba anauza samaki. Mimi nikasoma, kwa sauti kubwa na ya furaha, kwamba baba anauza sumu.

Darasa lilicheka mpaka wengine wakalala juu ya madawati. Mwalimu naye alijizuia, akashindwa, akageukia ubao mabega yakimtikisika. Tulipotoka nje jina lilikuwa limekwisha kunitangulia mpaka ufukweni: Binti Sumu. Siwalaumu. Walikuwa watoto, na leo ningekisikia kisa hicho kwa mtu mwingine nami ningecheka. Lakini kwao ulikuwa mchezo, kwangu ulikuwa mwiba. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi tangu siku ile kila nilipoona macho ya watu yamenielekea, nilitafuta mtu wa kujificha nyuma yake.

Nikajifunza kunyamaza. Kanisani nilisimama na waimbaji nikichezesha midomo bila kutoa sauti. Nikitumwa dukani na kukuta watu, nilingoja mpaka waondoke. Siku ya ndoa yangu mchungaji aliponiuliza kama namkubali bwana huyu, nilitazama viatu vyangu kwa muda mrefu mpaka shangazi akasema kutoka nyuma, "Amekubali, baba, endelea." Watu wakacheka kwa upole. Tena wakanisifu, na hapa ndipo ulipo mtego, mwanangu: walisifu hofu yangu wakidhani ni adabu. "Binti wa heshima huyu, hasemi ovyo." Nami nikaanza kuamini kwamba ndivyo nilivyo, kwamba Mungu aliniumba bila sauti kama alivyomuumba twiga.

Nikaolewa, nikahamia Baraka. Tukapata mtoto, tukamwita Amani. Alipoanza kusimama kwa kushika ukuta, baba yake akafuata wenzake Misisi kutafuta dhahabu, kama vijana wengi. Alisema atarudi mvua zikikatika. Nikabaki na mtoto, na chumba cha kupanga, na majirani ambao nilikuwa nawasalimu kwa kutikisa kichwa.

Ndipo homa ikaja. Usiku mmoja Amani alikohoa, kesho yake akakataa titi, na kesho yake tena kifua chake kikaanza kuingia ndani kila alipovuta pumzi, mbavu zikionekana kama za kikapu. Nilimfunga mgongoni kwa kikwembe, nikatoka na mvua ya asubuhi.

Kituo kilikuwa kimejaa. Kulikuwa na mwanamume aliyejikata kidole cha mguu kwa jembe, kulikuwa na wamama wenye mimba, kulikuwa na wazee wa kikohozi. Muuguzi alikuwa mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamuru, anatoka mlangoni, anaita mtu, anaingia tena. Hapakuwa na namba. Zamu yako ilikuwa mdomo wako. Anayesema "ni mimi sasa" ndiye aliyeingia. Mimi nilifika miongoni mwa wa kwanza, na jua lilipopanda juu ya paa nilikuwa bado nimekaa pale pale. Kila mlango ulipofunguka moyo wangu uliruka, maneno yakafika mpaka kwenye meno, yakageuka na kurudi. Nilikuwa nayapanga kichwani. Niseme kwa Kiswahili au nijaribu Kifaransa? Nianze na homa au na kikohozi? Nikikosea je? Wakati napanga, mwingine alikuwa amekwisha kuingia.

Halafu Amani akaacha kulia.

Kando yangu alikuwa amekaa mama mzee wa milimani, mmoja wa wale wafugaji wanaozungumza Kinyarwanda ambao walikuwa wanashuka kuuza maziwa na siagi sokoni kwetu. Alikuwa mrefu, mwembamba, ana fimbo, macho yake yanatoa machozi kwa ugonjwa uliomleta pale. Baadaye nilijua anaitwa Mama Namahoro. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokotaokota njiani. Tangu asubuhi nilikuwa nimemsikia akisalimia kila anayeingia kwa maneno yaliyopinda, na vijana fulani pembeni wakimwiga kwa kunong'ona. Wala hakuwageukia.

Aliinama akaweka kiganja kwenye kifua cha mwanangu. Akakiacha pale kidogo. Kisha akanitazama.

"Mutoto hii halale," alisema. "Hii anachoka."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nalijua hilo. Mwanangu, nilikuwa nalijua, na bado nilikuwa nimekaa.

"We uko nani yake?"

"Mama yake," nikasema kwa sauti ya chini.

"Sisikie."

"Mama yake."

"Basi mbona unamukamata sawa na mutoto ya mugeni? Batu banakupita, na we unabaangalia tu. Unangoya nani?"

Machozi yakanitoka. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Mama, nakuomba. Uwaambie wewe. Mimi siwezi kusema mbele ya watu."

Nilidhani atasimama. Alikuwa na moyo, alikuwa na fimbo, angeweza kugonga mlango ule mara moja tu. Lakini alikataa. Nakumbuka nilimchukia kwa nukta ile moja.

"Mi niseme nini?" aliniuliza. "Mi najua homa ilianza lini? Mi najua alikula nini, alitapika ao hapana? Wataniuliza jina yake, mi nitasema nani? Hapana. Kiswahili yangu iko mubaya, we yako iko muzuri, na mutoto iko yako. Simama. Mi nitasimama pamoja na we, lakini kinywa ni ya kwako."

Akainuka kwa kuegemea fimbo. Akaniweka mkono chini ya kiwiko na kuninyanyua, kama unavyomnyanyua ndama aliyezaliwa sasa hivi. Tukasogea mpaka mlangoni, watu wakatutazama, macho yale yale ya darasani. Mlango ukafunguka, muuguzi akatoka.

Nikafungua kinywa, kikatoka kitu kama mlio wa kifaranga.

"Mungoye kwanza, mama," muuguzi akasema bila kunitazama vizuri, na akamwita mwingine kwa mkono.

Hapo ndipo ningerudi kwenye benchi. Kila kitu ndani yangu kilikuwa kimekwisha kugeuka. Lakini mkono wa mama yule ulikuwa bado chini ya kiwiko changu, haunisukumi, haunivuti, upo tu. Nikatazama chini. Midomo ya Amani ilikuwa imebadilika rangi.

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Nilisema, nikasikia ukuta wa pili unanirudishia: "Mutoto yangu anashindwa kupumua! Tangu juzi iko na moto, hanyonye, kifua inaingia ndani! Nimekaa hapa tangu asubuhi! Muangalie!"

Nilichanganya Kiswahili na Kibembe, nilianza sentensi tatu na kumaliza moja. Hakuna aliyecheka. Sikiliza vizuri hapo, mwanangu, maana mimi nilisikiliza: ua mzima ulinyamaza, na katika ukimya ule hapakuwa na kicheko hata kimoja. Yule mwanamume wa kidole alijivuta kando kunipa nafasi. Mama mmoja mjamzito alisema, "Mupitishe! Mupitishe!" Na muuguzi, ambaye tangu asubuhi nilikuwa namwogopa kama chui, alimnyakua mtoto mikononi mwangu na kukimbia naye ndani huku akimwita mwenzake aliyekuwa chumba cha nyuma.

Alimchoma sindano. Akamlaza akiwa ameinuliwa kichwa, akamsafisha pua kwa mpira mdogo, akaniambia nimshike hivi na siyo hivi. Kazi ile yote aliifanya akinigombeza. "Tangu asubuhi? Tangu asubuhi uko pale inje? Mama, mi sina macho ya kuona nyuma ya migongo ya batu. We ndiye macho yangu. Ungesema tu!" Sikukasirika. Ilikuwa mara ya kwanza kugombezwa kukaniingia kama maji kwenye ardhi kavu, maana nilielewa kwamba wakati wote ule alikuwa anataka nimwambie. Mlango niliodhani umefungwa, ulikuwa unangoja kusukumwa.

Tulilala pale kituoni siku kadhaa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikuwa nimeficha kwa kutaka, lakini kifo hakiulizi sababu. Asubuhi moja Amani alifungua macho, akanitazama kwa hasira kama kwamba mimi ndiye niliyemfanya augue, akaanza kulia kilio kikubwa cha njaa. Wamama wengine mle ndani walilalamika kwamba anawaamsha wagonjwa. Mimi nililia pamoja naye. Sijawahi kusikia wimbo mtamu kama ule. Mabega yangu, ambayo nadhani yalikuwa yamekaza tangu darasa la Swima, yalishuka yenyewe.

Baba yake aliporudi kutoka Misisi, mikono mitupu lakini mzima, nilimsimulia habari yote nikiwa nimesimama, nikionyesha kwa mikono jinsi nilivyosema. "Ni we?" akauliza. "We mwenyewe ulisema hivyo?" Nikamwambia, ni mimi.

Sasa usifikiri kwamba tangu siku hiyo nikawa simba. Wasimulizi wengi hukudanganya hapo. Siku za baadaye niliombwa kanisani nitoe tangazo la kikundi cha wamama. Nikasimama, nikatazama watu, tangazo lote likatoroka kichwani. Nikasema, "Bwana asifiwe," nikasema tena, "Bwana asifiwe," na nikakaa. Nilirudi nyumbani nikitamani ardhi ipasuke. Lakini jioni ugali uliiva kama kawaida, sombe ya majani ya muhogo ilikuwa tamu kama kawaida, na Jumapili iliyofuata hakuna aliyekumbuka. Mwanamke mmoja hata alinishukuru kwa tangazo! Ndipo nilipojua jambo ambalo lingenisaidia sana nikiwa mtoto: watu hawashughuliki na makosa yetu kama tunavyodhani. Kila mmoja amebeba mzigo wake kichwani, anaangalia usianguke. Hana muda wa kuhesabu ulivyojikwaa wewe.

Niliposimama mara nyingine tangazo lilitoka nusu. Mara iliyofuata likatoka lote. Haba na haba hujaza kibaba.

Siku za soko nilimtafuta Mama Namahoro. Nilimkuta na vibuyu vyake vya maziwa, akiita wanunuzi kwa Kiswahili chake cha kupinda, na watoto wakimcheka kidogo na mama zao wakinunua. Nilimletea ndagala wakavu wa nyumbani kwetu Swima. Alimshika Amani, akamgeuza huku na huku kama anayekagua mwana wa ng'ombe, akaridhika. Nikamuuliza swali lililonisumbua.

"Mama, we hauogope? Wanakucheka."

Alishangaa kweli kweli. "Nani alikuambia siogope? Kila mara nashuka huku naogopa. Lugha siyo yangu, batu siyo ba kwetu. Naamuka naogopa, nakamua ng'ombe naogopa." Akafuta macho yake na ncha ya kitambaa. "Lakini maziwa haingoye woga iishe. Maziwa inaharibika. Basi tunashuka na woga yangu pamoja. Mi natangulia, yeye anafuata."

Akacheka, na meno yake machache yakaonekana yote. Nami nilicheka naye, lakini neno lile nililichukua nikaenda nalo nyumbani. Miaka yote nilikuwa nimengoja hofu iondoke ndipo niseme. Yeye hakungoja.

Tulikuwa marafiki mpaka miguu yake ilipokataa mteremko. Wako watu hapa walioniuliza, huyu mama wa milimani ni nani kwako? Nami, ambaye zamani nisingejibu, nilijibu: huyu ndiye aliyenizaa mara ya pili.

Leo Amani ana watoto wake. Ana sauti kubwa inayowachosha majirani, na mimi sijamwambia hata siku moja apunguze.

Wiki kadhaa zilizopita binti yake mkubwa, Neema, alikwenda Lusenda kuomba kazi ya kutafsiri kwa wanaohudumia wakimbizi. Anajua Kirundi, anajua Kifaransa, anajua Kibembe. Alirudi amejifunika kitenge usoni. "Tate," akaniambia, maana hivyo ndivyo anavyomwita bibi yake, "waliniuliza jina langu, nikasahau." Nilicheka mpaka nikakohoa, naye akakasirika, kisha akacheka. Basi nikamsimulia haya niliyokusimulia wewe. Juzi alirudi kule, na pikipiki ilimrudisha jioni amejaa matope mpaka kwenye nyusi. Kazi bado hawajampa, wamesema angoje. Lakini alisimama mlangoni akaniambia, "Tate, nilisema yote. Nilitetemeka, lakini nilisema yote." Usiku ule tulilala vizuri, yeye na mimi.

Kwa hiyo, mwanangu, haya ndiyo ninayokuachia.

Usingoje hofu iishe ndipo uanze. Haiishi kwa kungojwa. Inapungua kwa kutembezwa, kama ugumu wa kiatu kipya. Anza na vitu vidogo vya kila siku: msalimie jirani kwa sauti anayoisikia, uliza bei, uliza njia, useme "sijaelewa" pale ambapo hukuelewa. Kuuliza si ujinga. Na siku utakayokosea, maana utakosea, nenda nyumbani ule, ulale, kesho uamke usimame tena. Heri kufa macho kuliko kufa moyo.

Usiite woga wako adabu, hata watu wakiusifu. Adabu ni kuchagua kunyamaza wakati unaweza kusema. Kunyamaza kwa kushindwa ni kifungo, tena kifungo ambacho ufunguo wake uko mfukoni mwako. Lakini pia usidhani kujiamini ni kupiga kelele na kuwakanyaga wengine. Mama Namahoro alikuwa na haki ya kuingia kabla yangu, macho yake yalikuwa yanauma, na hakuitumia. Mwenye moyo thabiti hana haja ya kumfanya mwenzake mdogo.

Usijipime kwa ulimi wa mwingine. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Maneno yako yakiwa yamepinda lakini yana ukweli, yatafika. Wangapi wana maneno yaliyonyooka na hawana wanachosema? Ukiwa na neno ambalo wewe peke yako unalijua, kuhusu mtoto wako, kazi yako, mwili wako, haki yako, basi hakuna atakayelisema vizuri kuliko wewe.

Na ukiisha kupata sauti, mtazame aliyekaa pembeni akiwapisha wengine. Usimsemee. Mshike kiwiko, usimame naye mpaka aseme.

Mungu wa baba zetu akupe pumzi ndefu na koo lililo wazi. Milango utakayoigonga ifunguke, na ile itakayochelewa isikuvunje moyo. Jina lako ulitaje bila kuinama popote utakapofika, na wale wanaokutegemea wasikose kitu kwa sababu ulinyamaza. Enenda kwa amani, mwanangu, na ubarikiwe.